Kosa moja, adhabu mbili

SWALI: Vijana wawili wa hapa Kaloleni walikiri wizi wa simu kortini Makadara, kila mmoja na kesi yake. Mmoja alifungwa, mwingine akapewa kazi za jamii. Hakimu huamua anavyojisikia?

JIBU: Sheria ya Kenya huweka kikomo tu: miaka 3 kwa wizi wa kawaida. Chini ya hapo hakimu hupima, naye ni binadamu. Uchovu wa mafaili, sura ya mshtakiwa, hata sifa za mtaa anaotoka huweza kumvuta bila yeye kujua. Ndiyo maana Idara ya Mahakama ilitoa mwongozo wa adhabu mwaka 2016. Ukishtakiwa, omba ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya adhabu kutolewa, anayehoji familia na majirani. Usiporidhika na adhabu, kata rufaa ndani ya siku 14.