Kimo, Mwendo na Usalama katika Viwanja vya Burudani

Nyakati za likizo na sikukuu, familia nyingi huenda katika viwanja vya burudani, ambako watoto hupanda bembea kubwa, merikebu ya kuning'inia na rola kosta, yaani gari la reli lipandalo na kushuka vilima kwa kasi. Somo hili linaeleza nguvu inayoviendesha vyombo hivyo, ili mzazi ajue la kukagua kabla ya kumpandisha mwanawe.

Kimo hugeuka kuwa mwendo

Rola kosta nyingi hazina injini ndani ya mabehewa. Mota iliyo pembeni huyavuta kwa mnyororo hadi kilele cha kwanza, kisha huyaachia. Kazi iliyofanywa na mota haipotei: huhifadhiwa katika mabehewa kama nishati ya kimo, na yanapoteremka hugeuka kuwa nishati ya mwendo. Yakipanda kilima kinachofuata, mwendo hurudi kuwa kimo. Sehemu ya nishati hiyo huliwa na msuguano wa magurudumu na upinzani wa hewa, ndiyo sababu kilima cha kwanza huwa kirefu kuliko vyote. Bembea ya kamba iliyofungwa mtini hufuata kanuni iyo hiyo.

Tukiuacha msuguano, mteremko wa kimo cha mita 5 huzaa kasi ya kilomita 36 hivi kwa saa. Wa mita 20 huzaa kilomita 71 hivi. Kasi imeongezeka maradufu, ilhali nishati ya kila abiria imeongezeka mara nne.

Baada ya kilele

Gari likishavuka kilele, kuzima mota hakulisimamishi. Nishati iliyokwisha kuhifadhiwa lazima iondolewe na breki. Katika mitambo iliyoundwa vyema, breki hizo hujifunga zenyewe umeme unapokatika. Aidha, mlio wa tak-tak usikikao wakati wa kupanda ni wa vishikizo vya chuma vinavyozuia gari kurudi nyuma iwapo mnyororo utakatika.

Mwili wa abiria nao unabeba nishati. Gari linapopinda kuelekea chini kwa kasi, mwili huelekea kuendelea na njia yake ya awali, ukainuka kitini. Kinachoushikilia ni mkanda au chuma cha kuzuia abiria. Kifaa hicho kimeundwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mdogo mno anaweza kuponyoka hata kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo, alama ya kimo iliyochorwa langoni iheshimiwe, hata mtoto akilia.

Kabla ya kupanda

1. Mpime mtoto kwa alama ya langoni. Usimvalishe viatu vya soli nene ili afikie.
2. Vuta mwenyewe mkanda au chuma cha kuzuia baada ya mhudumu kukifunga. Kikilegea, mwite.
3. Acha simu na funguo chini. Kitu kinachoanguka kutoka juu kinaweza kumjeruhi mtu aliye chini.
4. Mweleze mtoto asisimame wala kutoa mikono nje hadi chombo kisimame kabisa.
5. Mhudumu akianzisha mtambo bila kukagua viti, usipande safari inayofuata.

Haki yako

Nchini Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, kupewa maelezo yanayohitajika, na kufidiwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro za huduma. Ukiona kasoro, mjulishe msimamizi, tunza tiketi, andika saa na jina la chombo, kisha upeleke malalamiko kwa mamlaka husika.

Kumbuka kwamba mnyororo ukishaanza kuvuta, abiria hana tena uamuzi. Ukiwa na shaka, shuka gari likiwa bado limesimama, hata kama umekwisha kulipa.