Mche wa Sabuni, Ndimu na Ngozi Yangu: Mafunzo Niliyopata

Kwetu Tanga nilifundishwa kwamba mtu hajaoga mpaka dodoki limlize. Mche wa sabuni ulikatwa vipande kwa uzi. Kipande hikihiki kilifua, kikaosha vyombo, kikatuogesha. Nilipofika miaka 30 uso ulianza kuniwasha, miguu ikatoka magamba kama changu. Nami nikazidisha sabuni.

1. Kubana si kutakata.
Ngozi ikinibana baada ya kuoga, nilijiona nimetakata. Siku moja binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alichovya karatasi nyekundu ya litmasi kwenye povu langu. Ikawa buluu. "Shangazi, unaogea besi!" Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Ngozi yenye afya hukaa karibu na 5, yaani ina uasidi kidogo. Sabuni ya mche hufika 9 au 10. Uasidi huo ndio unaoisaidia ngozi kutengeneza mafuta yanayoziba nafasi baina ya seli zake. Ukivurugwa kila siku, unyevu hutoka na vijidudu hupata mlango.

2. Ndimu haifuti kosa la sabuni.
Hapa ujinga ulikuwa wangu mwenyewe. Kama tatizo ni besi, nikawaza, basi nitie asidi. Nikajipaka ndimu usoni, nikaenda gulioni jua likiwa utosini. Baada ya siku mbili nilikuwa na malengelenge, kisha mabaka meusi yaliyokaa miezi. Ndimu ina pH ya karibu 2, na kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi: inaizidi ngozi uasidi kwa takriban mara elfu moja. Juu ya hayo, ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi. Jirani akanishauri nisugue mabaka kwa magadi. Nilimshukuru, nikaishia hapo.

3. Ngozi hujirudi, ikipewa nafasi.
Hata maji matupu huipandisha pH kwa muda, lakini baada ya saa kadhaa hushuka yenyewe. Mimi nilikuwa naisabuni mara tatu kwa siku. Joto la Tanga mnalijua. Sasa maji naoga nitakavyo, ila sabuni, tena isiyo kali, ni mara moja: kwapani, kinenani na miguuni. Kisha mafuta mgando kabla ngozi haijakauka.

4. Mtoto mchanga aachwe.
Huzaliwa ngozi yake ikiwa karibu na 7, na huchukua wiki kadhaa kushuka. Mama mkwe alitaka povu. Tukavutana kidogo, kwa adabu, na maji ya uvuguvugu yakashinda.

5. Muwasho usiokoma ni wa kliniki.
Ukurutu na fangasi haviponi kwa litmasi.

Mche wa sabuni bado upo bafuni kwangu. Naufulia mashuka.