SOMO LA WAZAZI: TUCHAGUE VIPI KITABU CHA MAZOEZI YA SARUFI NA UANDISHI?

Kusoma: Waamuzi 12:4-6



Wengi wetu hapa makazini Uganda tunafundisha watoto nyumbani. Wengine walifika katikati ya mwaka, wengine wamekosa karo, wengine shule iko mbali. Mwaka jana nilitoa pesa ya sabuni nikamnunulia binti yangu wa miaka 12 kitabu cha sarufi ya Kiingereza cha darasa la sita, kwa kuwa kule Congo alikuwa amefikia darasa hilo. Baada ya wiki mbili alikifunga akaniambia, "Mama, mimi sina akili." Kosa halikuwa lake. Mimi niliangalia jalada, sikumwangalia mtoto.

Basi tujifunze pamoja.

1. Mpime mtoto kwanza
Kabla ya kwenda sokoni, mpe karatasi aandike sentensi tano juu ya jambo alilofanya jana, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Usimsahihishe. Angalia tu: anaanza na herufi kubwa? Anaweka nukta? Anatenganisha maneno vizuri? Kitabu kinachomfaa ni kile kinachoanzia pale anapoanza kukosea, hata kama ni cha darasa la tatu. Ukiona ataona aibu, funika jalada kwa gazeti.

2. Ujue kosa linatoka wapi
Mtoto aliyezoea Kiswahili na Kifaransa huandika "book red", kwa sababu katika lugha hizo mbili rangi hufuata jina. Tena huandika "reds books", kwa sababu Kifaransa huweka alama ya wingi hata kwenye kivumishi. Huo si ujinga. Anatumia kanuni anazozijua. Mtafutie kitabu chenye mazoezi mengi ya kupanga maneno.

Kwa Kiswahili pia, sisi nyumbani tunasema "kitabu yangu imepotea" na tunaelewana. Kitabu cha Kiswahili sanifu kitataka "kitabu changu kimepotea". Hapo kuwa mwangalifu. Waefraimu waliuawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja, na sisi tuliokimbia tunajua maana ya mtu kuhukumiwa kwa matamshi yake. Usimcheke mtoto wako. Mwambie, "Hii ni ya kuongea nyumbani, hii ni ya kuandika kwenye daftari. Zote mbili ni zako."

3. Fungua katikati ya kitabu
Ukurasa wa kwanza huwa rahisi siku zote. Fungua katikati. Kama kila zoezi ni kujaza pengo tu, mtoto atajua kujaza mapengo lakini hataweza kuandika barua. Tafuta mahali anapoambiwa atunge sentensi, aandike habari au barua. Kisha angalia mwisho: je, kuna majibu? Mzazi aliyesoma kwa Kifaransa atayahitaji ili aweze kusahihisha.

4. Kitunze kitabu
Aandike majibu kwenye daftari, wadogo zake nao wapate kukitumia. Zoezi moja kwa siku latosha, kisha sentensi tatu za kwake mwenyewe.

Ni kweli, hapa Uganda mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza, ndiyo maana tuna haraka. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Binti yangu alirudi kwenye kitabu cha darasa la tatu akakimaliza kwa miezi mitatu. Juzi alimwandikia shangazi yake aliyebaki Uvira barua ya ukurasa mzima, wala hakuniomba msaada.

Maswali ya kujadili nyumbani
- Mtoto wetu anaanza kukosea wapi?
- Je, tumewahi kumcheka kwa jinsi anavyosema au kuandika?
- Ni jirani gani tunaweza kuazimana naye vitabu?

Bwana awabariki ninyi na watoto wenu.