Mpe Rispa Hadithi Yake: Mbinu za Kusimulia Upya Maandiko

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21, yumo mama aliyekesha juu ya mwamba akilinda maiti za wanawe. Ni Rispa binti Aya, suria wa Mfalme Sauli. Nchi ilikuwa imekumbwa na njaa ya miaka mitatu. Ili kulipia damu ya Wagibeoni waliouawa na Sauli, Mfalme Daudi aliwatoa wanaume saba wa uzao wa Sauli, wakatundikwa mlimani. Wawili walikuwa wa Rispa. Katika kisa chote hatamki neno hata moja, na hapo ndipo mtunzi wa hadithi anapopata nafasi.

Kwanza, tenga yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja weka gunia alilotandika mwambani, mavuno ya shayiri, ndege wa mchana, wanyama wa usiku, na mvua iliyonyesha hatimaye. Hayo usiyaguse. Msomaji wako anayajua, na ukiyapindua atakifunga kitabu. Upande wa pili weka maswali. Alikula nini? Nani alimletea maji? Wale watano wengine walizaliwa na binti wa Sauli. Mama yao alikuwa wapi? Uhuru wako wote umo upande huu.

Pili, zijue nyakati na sheria za kwao. Shayiri huvunwa kule mwezi wa Aprili hivi, na mvua za kawaida hurudi Oktoba. Ikiwa mvua iliyotajwa ndiyo hiyo, Rispa alikaa pale miezi ipatayo sita, kiangazi chote. Soma pia Kumbukumbu la Torati 21:22-23: aliyetundikwa azikwe siku iyo hiyo. Rispa wako akiijua amri hiyo, kila jua linapotua ni shtaka jipya, wala huhitaji kumpa hotuba.

Tatu, ipe mikono yake kazi. Badala ya kuandika kwamba alihuzunika sana, onyesha gunia lililokakamaa kwa jua, mawe anayoyakusanya kabla giza halijaingia, sauti iliyomkauka kwa kufukuza tai. Msomaji atalia mwenyewe.

Nne, mpe maisha kabla ya msiba. Katika sura ya 3 ya kitabu hicho, Ishboshethi mwana wa Sauli anamshutumu jemadari Abneri kwa kumwingilia Rispa. Wanaume wawili wanagombana kwa ajili yake, na yeye haulizwi lolote. Tukio hilo linastahili sura nzima. Anita Diamant alifanya hivyo katika riwaya yake ya 1997, The Red Tent: alianza na mama yake Dina binti Yakobo na mama zake wengine, muda mrefu kabla ya mkasa uliompata Dina katika Mwanzo 34.

Tano, usimtie kinywani maneno ya mwanaharakati wa leo. Tendo lake linatosha. Daudi alipoarifiwa, ndipo alipoichukua mifupa ya Sauli na mwanawe Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, ikazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli. Mjane asiye na cheo alimsukuma mfalme.

Ukimaliza, wasomee kwa sauti watu wawili: mmoja anayeyaheshimu Maandiko, na mama aliyewahi kuzika mtoto. Wa kwanza atakuonyesha ulipoyavunja yaliyoandikwa. Wa pili atakuonyesha ulipoidanganya huzuni. Wasikilize wote wawili, sahihisha, kisha ndipo umpelekee mhariri.