Somo la Tano: Baruapepe Zisipofika Kwenye Seva Yako Mwenyewe

Baadhi ya taasisi na wafanyabiashara huamua kuendesha seva zao wenyewe za baruapepe badala ya kukodi huduma hiyo. Uamuzi huo humpa mtumiaji uhuru na usiri, lakini pia humfanya kuwa postamasta wa nafsi yake. Barua zikikwama, hakuna karani wa kumlaumu.

Chukulia nyumba ya wageni iliyopo Marangu, inayopokea maombi ya wapanda mlima kutoka Ujerumani. Mwezi Juni, msimu wa kupanda Kilimanjaro unapoanza, sanduku lake la baruapepe linabaki tupu kwa siku tatu. Mwenye nyumba anadhani wageni wamepungua mwaka huu. Kumbe wameandika, na barua zao zinasubiri ng'ambo. Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: ukimya wa sanduku si ushahidi kwamba hakuna aliyekuandikia. Barua isipofika, anayearifiwa ni mtumaji, si wewe.

Jambo la pili linatia moyo. Seva ya mtumaji isipoipata seva yako, haiitupi barua papo hapo, bali huiweka kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Kanuni ya kiufundi ya mwaka 2008 iitwayo RFC 5321 inashauri majaribio hayo yaendelee kwa siku 4 hadi 5, ingawa baadhi ya seva hukata tamaa mapema. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa saa chache wakati wa masika, barua kwa kawaida hazipotei. Una muda wa kuchunguza kwa utaratibu.

Vituo vinne vya safari ya barua

Mkazi wa Kibosho mwenye S.L.P. mjini Moshi hupata barua yake kwa sababu nne: namba ya sanduku ni sahihi, mlango wa posta uko wazi, karani ameikubali bahasha, na mwenye sanduku ana ufunguo. Baruapepe nayo hupita vituo vinne vya namna hiyo. Vichunguze kwa mpangilio, kuanzia nje kuingia ndani.

*Kituo cha kwanza: anwani.* Hakikisha kwamba usajili wa jina la kikoa chako haujaisha muda. Kisha angalia rekodi ya MX, yaani tangazo linaloieleza dunia ni seva ipi inayopokea barua za kikoa hicho. Kwenye kompyuta andika:

nslookup -type=mx mfano.co.tz

ukiweka jina la kikoa chako mahali pa mfano.co.tz. Jibu linapaswa kutaja jina la seva, si tarakimu za anwani ya IP, na jina hilo nalo lielekee kwenye anwani ya IP unayotumia sasa. Ikiwa mtoa huduma wako wa intaneti hubadilisha anwani hiyo kila unapowasha ruta, barua zitakwenda kwenye nyumba isiyo yako.

*Kituo cha pili: mlango.* Seva za baruapepe hupeana barua kupitia poti namba 25. Ukiwa nje ya mtandao wako, andika:

telnet barua.mfano.co.tz 25

ukiweka jina la seva yako. Jibu linaloanza na 220 lina maana kwamba mlango uko wazi. Usipopata jibu, usihukumu haraka: mitandao mingi huzuia wateja wake kutoka kupitia poti hiyo ili kudhibiti baruapepe taka, hivyo rudia jaribio kutoka mahali pengine. Likishindikana tena, kagua kama seva inafanya kazi, kama ukuta wake wa ulinzi unaruhusu poti 25, na kama ruta inaielekeza poti hiyo kwenye seva. Fahamu pia kwamba katika intaneti ya simu wateja wengi huweza kutumia anwani moja ya IP kwa pamoja. Katika hali hiyo barua haiwezi kukufikia, hata ukirekebisha seva usiku kucha.

*Kituo cha tatu: karani.* Mlango ukiwa wazi, soma kumbukumbu za seva, ambazo katika mifumo mingi ya Linux hupatikana kwenye faili /var/log/mail.log. Tazama tarakimu ya kwanza ya msimbo wa kukataa. Ikiwa ni 4, seva yako imesema, "Rudi baadaye," na mtumaji atajaribu tena. Ikiwa ni 5, imesema, "Sipokei kabisa," na barua imerudishwa. Msimbo 452 mara nyingi huashiria kwamba diski imejaa. Msimbo 550 mara nyingi huashiria kwamba seva haimtambui mpokeaji au inamshuku mtumaji.

*Kituo cha nne: ufunguo.* Kumbukumbu zikionesha kwamba barua imepokelewa, tatizo limo ndani. Tazama folda ya baruapepe taka, kisha kagua nenosiri na mipangilio ya programu unayosomea barua.

Tahadhari wakati wa matengenezo

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuiacha seva ikijibu kwa msimbo wa 5 huku ukijaribu mipangilio, kwa kuwa kila barua inayofika wakati huo hurudishwa moja kwa moja. Watumiaji wa programu ya Postfix wanaweza kuweka kwa muda mpangilio huu:

soft_bounce = yes

Mpangilio huo hugeuza majibu ya 5 kuwa ya 4, na barua hubaki kwenye foleni ya mtumaji. Uondoe mara umalizapo. Barua zilizokuwa foleni huenda zikachukua saa kadhaa kufika.

Haki na wajibu wako

Kabla ya kulipia intaneti kwa ajili ya seva, muulize mtoa huduma kwa maandishi: je, nitapata anwani ya IP ya umma isiyobadilika? Je, poti 25 itakuwa wazi? Hifadhi majibu. Asipotekeleza alichoahidi, wasilisha malalamiko kwake kwanza na utunze kumbukumbu zake. Usiporidhika, yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha.

Jipime

1. Kwa nini sanduku tupu halithibitishi kwamba hakuna aliyeandika?
2. Jibu la 452 lina tofauti gani na la 550 kwa mtumaji?
3. Mara ya mwisho ulijitumia barua ya majaribio kutoka nje ya seva yako lini? Ikiwa hukumbuki, fanya hivyo leo, kabla msimu haujaanza.