Udenda Usiokauka: Matibabu ya Mionzi Yanamfaa Nani?

Mtoto au mzee anapotokwa na udenda kutwa nzima, ni rahisi kudhani kwamba mwili wake unatengeneza mate kupita kiasi. Mara nyingi sivyo. Mtu mzima mwenye afya hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku na kuyameza bila kufikiria. Anayetokwa na udenda kwa kawaida hutoa mate yaleyale, ila misuli ya midomo, ulimi na koo haiyamezi ipasavyo. Ndivyo ilivyo kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, waliopatwa na kiharusi, na wenye ugonjwa wa Parkinson.

Tofauti hiyo ina uzito kwa familia ya Katangi inayosikia kwamba kuna mionzi ya kukausha mate Nairobi na kuanza kuuza mbuzi ili ipate nauli. Matibabu hayo yapo kweli. Hata hivyo, huja mwisho, tena kwa wachache.

Mate mengi wakati mtu hali chakula hutoka kwenye tezi zilizo chini ya taya. Nyingine kubwa ziko mbele ya masikio na chini ya ulimi. Daktari wa mionzi huzipiga picha kwanza, akaziwekea alama, kisha mashine huelekeza miale kwenye tezi hizo kutoka nje ya mwili. Kipimo huwa kidogo kuliko kile cha kuangamiza saratani, na hutolewa mara moja au kwa siku chache. Mgonjwa hulala kwa dakika kadhaa, hasikii maumivu, na harudi nyumbani na mionzi ya kuwadhuru wajukuu. Mate hupungua baada ya siku au wiki chache, ingawa kwa wengine hurudi baada ya miezi.

Wanaofaidika zaidi ni watu wazima wenye maradhi ya neva yanayozidi kudhoofisha misuli, ambao mate huwapalia usiku na dawa zimeshindwa. Kinywa kinaweza kukauka mno, mate yakawa mazito kama gundi, ladha ikabadilika na meno yakaoza, kwa hiyo meno hukaguliwa kabla. Watoto kwa kawaida hawapewi: mionzi inaweza kuathiri ukuaji wa taya na kuongeza hatari ya saratani miaka mingi baadaye. Mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana sababu ya kuuza chochote kwa ajili hiyo.

Kuna mengi ya kufanya kabla ya hapo: kumketisha mtoto wima, kichwa kikiwa kimeegemezwa, kutibu meno na pua iliyoziba, na mazoezi ya kufunga midomo na kumeza. Zikihitajika, kuna dawa za kupunguza mate, sindano ya botoksi kwenye tezi, au upasuaji. Kosa moja ni la hatari hasa katika eneo kame kama Katangi: kumnyima mtoto maji ili asilowe. Mate hayakomi, naye huishiwa maji mwilini.

Udenda unaoanza ghafla ni jambo jingine kabisa. Mkulima wa kando ya Mfereji wa Yatta aliyenyunyizia mimea dawa, kisha akatokwa na mate na machozi mengi, mboni zikawa ndogo na pumzi ikambana, huenda amepata sumu. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji na kukimbizwa hospitalini. Mtoto mwenye homa asiyeweza kumeza na anayepumua kwa shida akimbizwe vivyo hivyo.

Kwa udenda wa muda mrefu, safari huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Machakos Level 5. Mionzi hutolewa katika hospitali kubwa kama ile ya Kitaifa ya Kenyatta, kwa barua ya rufaa. Usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ukaguliwe mapema. Siku ya kliniki, mlezi abebe dawa zote anazotumia mgonjwa, kwani baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzidisha mate, pamoja na hesabu ya vitambaa vinavyobadilishwa kwa siku na mara ambazo mgonjwa hupaliwa.