SOMO: ANAYEKAA UPANDE WA PILI WA MEZA

Leo tujifunze juu ya kazi ya afisa wa maendeleo ya jamii, yule wa pesa za wazee, yaani Inua Jamii. Wengi wetu hapa Machakos twamjua kwa foleni tu. Mzee akirudi bila kitu, twasema, "Huyo ofisa amekula." Je, ni kweli?

Tuanze na pesa zenyewe. Hapo awali zilikuwa za wazee wa miaka 65 na zaidi walio maskini sana. Kuanzia Januari 2018 mpango ulipanuliwa kwa wote waliofika miaka 70 wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa kila mwezi. Pesa hazipiti mikononi mwa afisa wetu. Yeye huandika majina na kuyapeleka. Uandikishaji nao haufunguliwi kila siku. Kwa hiyo mtu aweza kutimiza miaka 70 na asiwe kwenye orodha.

Sasa fikiria asubuhi yake. Susu amepanda matatu kutoka Masinga, hajui Kiswahili, mjukuu anamtafsiria. Kitambulisho chasema ana miaka 66. Yeye asema alikuwa mke wa mtu tayari wakati wa ile njaa ya 1961 iliyofuatwa na mafuriko. Ukihesabu, susu anasema kweli. Lakini kompyuta haijui njaa, inajua kitambulisho. Mwingine ameshika jembe na kusokota kamba za kiondo maisha yake yote, na vidole vimekuwa laini. Mashine yakataa alama zake. Wa tatu anauliza kwa nini malipo yamechelewa miezi kadhaa, na afisa hana jibu, kwa maana naye angojea Nairobi.

Tena kuna swali zito: "Bado yuko hai?" Ni lazima liulizwe, kwani wako jamaa wanaozika mzazi na kuendelea kuchukua pesa zake. Kwa sababu ya hao, wazee walio hai nao husumbuliwa kwenda kuhakikiwa. Asiyefika, malipo yake yaweza kusimamishwa, hata kama alikuwa mgonjwa kitandani tu.

Hatusemi maofisa wote ni wema. Wako wenye kiburi, na mtu akikuomba "kitu kidogo" ili akuandike, usitoe: kuandikishwa ni bure. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yasema usalama wa jamii ni haki. Lakini kumkemea kijana wa dirishani kwa kosa la orodha hakumpatii susu hata senti.

Linalosaidia ni hili. Kama umri kwenye kitambulisho si sawa, anzeni kurekebisha mapema, maana huchukua muda. Mzee asiyeweza kutembea achaguliwe mlezi anayemwamini, si yule mwenye maneno mengi. Kifo kiripotiwe kwa chifu au naibu wake.

Maswali ya kujadiliana:
Katika kijiji chetu, ni nani amefika miaka 70 na hajaandikwa? Kitambulisho chake kinasemaje? Nani atamsindikiza, na nauli itatoka wapi?